Kofia Mbili za Abdulrahman

Miwani yangu niliivunja kwa goti, tena nikiwa naswali. Niliivua nikaiweka pembeni ya mswala, nilipokwenda kusujudu ikalia ka! Ilikatika katikati, hapo panapokaa puani. Namshukuru Mungu nilimaliza swala bila kutamka lililonijia mdomoni.

Ilikuwa Jumatano adhuhuri, hapahapa Tandika. Ijumaa mwanangu Abdulrahman anaoa, na kofia yake imebaki mzunguko mmoja tu. Miezi minne nilikuwa naishona kwa mkono, kitundu kwa kitundu, nakshi ileile niliyomshonea marehemu baba yake aivae siku alipokuja kunioa. Bila miwani sioni hata tundu la sindano, sembuse vitundu vya kofia.

Na nilikuwa nimeapa mbele ya ukoo mzima. Wifi yangu Mwanakombo, dada wa marehemu, alisema siku hizi biashara zimefunguliwa, Kariakoo imejaa kofia za mashine kutoka ng'ambo, nzuri, bei nafuu, ya nini kujitoa macho? Nikamjibu, "Kofia ya mashine ikiingia harusini, mie natoka." Mdomo huu!

Basi nikaanza ufundi. Nikapasha msumari kwenye jiko la mkaa ili niyeyushe plastiki iungane. Chumba kikanuka, miwani ikabaki vipande viwili. Nikaleta gundi ya dukani. Ilishika upesi sana, ila ilichokishika ni kidole changu. Plasta ya kidonda ndiyo iliyokubali, lakini kioo kimoja kikawa kinatazama Kunduchi na kingine Kipawa. Nikakaa mkekani, kofia mapajani, nikalia. Nililia kweli, wala si kwa ajili ya miwani.

"Hodi!"

Nani mwingine? Wifi Mwanakombo, na kifurushi cha gazeti mkononi.

"Shikamoo wifi," nikamwamkia.

"Marahaba. We, na hiyo plasta puani? Umepigana na nani?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango. Yeye macho yake mazima, na hachoki kutusimanga. Kisha akafungua gazeti: kofia ya mashine, nyeupe pe, imekakamaa. "Nimekuletea ya akiba. Nilijuaga tu hutamaliza."

"Irudishe ulikoitoa!" nikang'aka.

Alichukua kofia yangu mapajani, akapitisha kidole juu ya nakshi, polepole, akanyamaza. Wifi yangu kunyamaza ni jambo la kuogopesha.

"Kaka alivaa ya nakshi hii mpaka ikachakaa kichwani," akasema. "Lete mkasi."

Nilidhani anataka kukwangua gundi kidoleni mwangu. Kumbe anaikata ile kofia yake mpya! Akachana ukingo, kile kitambaa kigumu, akakizungushia pale miwani ilipokatika, akakishona kwa uzi wangu huku akiuvuta kwa meno. Kofia hajui kushona. Mishono yake ni ya kufungia magunia ya mkaa.

"Wifi, kofia ya watu hiyo!"

"Tulia, unatikisika."

Miwani ikasimama imara. Niliivaa, nikaona kila kitundu. Alhamisi, kabla ya magharibi, nikafunga uzi wa mwisho.

Ijumaa Abdulrahman alipoingia kwetu wanawake kumchukua mkewe, vigelegele vilitanda. Kila mtu anauliza kofia kaishona nani, na mie nimevimba kichwa, miwani yangu yenye bandeji puani, nawaonyesha nakshi kwa kidole.

Mwanakombo akanisogelea. Angeweza kuninong'oneza, lakini mdomo wake nao haukuumbwa kwa hayo.

"Wifi!" akapaza sauti. "Kofia ya mashine imeingia harusini, tena imekukalia puani. Mbona hutoki?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikamkumbatia, nikacheka mpaka machozi yakailowesha ile bandeji, na mishono yake ya magunia haikuachia hata uzi mmoja.