Nsimire Alivyompokea Mama Yake

Kwa miaka thelathini na minane nimefundisha watu wanaolea watoto wa wenzao: walezi, masista, wauguzi, hata polisi wawili waliosinzia tangu asubuhi. Wananiita Maman Psy, mama wa saikolojia, na wanajua ninavyofoka mtu akija darasani bila daftari. Kila kundi jipya huniuliza nilianzia wapi. Huwajibu kwamba nilianzia hapa hapa Bukavu, mwaka wa hamsini na saba, kwa Mademoiselle Anne-Marie, kisha nageukia ubao. Leo ubao utanisamehe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, monitrice, yaani mlezi, katika nyumba moja ya watoto juu ya Kadutu. Mademoiselle alikuwa mwanasaikolojia kutoka Ubelgiji, aliyeletwa kutufundisha sisi wanawake saba. Mwanzoni tulimcheka. Mtu mzima anakaa ukutani kumtazama mtoto anayechezea vifuniko, na analipwa! Lakini ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akisema kwamba mtoto anaweza kula, akanenepa, na bado akaugua kwa kumkosa mtu. Maneno yale yaliniingia. Nilitaka kuwa kama yeye, nikatamani cheti chake kuliko nilivyotamani mume, na mama yangu hakufurahi.

Nsimire aliletwa kwetu akiwa na miaka minne. Baba yake alifuata dhahabu huko Luhwindja na hakutuma hata salamu. Mama yake, mwanamke wa Mumosho, alishikwa na kifua kikuu akalazwa mahali ambapo watoto hawakuruhusiwa kufika. Alikaa huko miezi kumi na mmoja. Kila siku baada ya chakula Nsimire aliketi kwenye ngazi, akitazama barabara inayopanda kutoka mjini. Mwanamke mwembamba akitokea, alisimama. Akishauona uso, aliketi tena. Hakulia hata mara moja, na hilo ndilo lililonikata maini. Aliniuliza tu:

—Maman Clémence, maman yangu atakuya kesho?

—Kesho hapana. Bado banamupa dawa.

—Basi kesho kutwa.

Nilimbeba mgongoni nikikunja shuka, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Nasema wazi: nilimpenda kuliko wengine wote.

Mama akapona. Lakini hakuwa na mume wala nyumba, na kamati ya wazungu iliyosimamia watoto ilikuwa imepokea barua ya karani mmoja wa Usumbura, Bujumbura ya leo, na mke wake, watu wa heshima wasio na mtoto, wakiomba msichana wa kumlea kama wao. Kamati ikamwachia Mademoiselle aamue. Naye akapanga hivi: mama ataingia chumbani, Nsimire atakuwemo, sisi tutakaa ukutani tukiandika kwa dakika kumi. Baada ya hapo ataamua kama mtoto anarudi kwa mama yake au anakwenda Usumbura. Atatafuta nini hasa, hakutuambia, ili tusije tukaandika tunachotaka kukiona. Sheria ilikuwa moja: mtoto asiambiwe la kufanya. Anayevunja sheria anatoka kwenye mafunzo.

Mimi nilijiona mjanja. Nilidhani wazungu wale wanataka kujua kama mwanamke huyu fukara alimlea mtoto vizuri. Na kwetu, mtoto humsalimia mkubwa kwa kupiga magoti na makofi mepesi; anayemrukia mtu mzima aliyetoka safari anamtia mama yake aibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, sivyo? Kwa siku tatu, nikimwogesha, nikamfundisha.

—Utapiga magoti. Utapiga mikono pole pole. Utaangalia chini.

—Nisikimbie?

—Usikimbie. Batasema maman yako hakukufundisha kitu.

—Na nikitaka kulia?

—Utalia kwenu, mukishafika.

Alhamisi mama akaingia. Alikuwa amekonda, amevaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa, na alisimama pale mlangoni kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti. Nsimire akapiga magoti, akapiga mikono polepole, macho sakafuni. Mama naye, mbele ya mzungu na daftari saba, angefanya nini? Akaitikia kwa sauti ndogo. Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Wakakaa hivyo, hatua nne kati yao, dakika kumi nzima. Nami, Mungu anisamehe, nilijaa fahari. Niliona mtoto akiiba jicho kumtazama mama yake, nikasema moyoni: vumilia, binti, tumeshinda.

Walipotoka, Mademoiselle alikuwa na macho mekundu.

—Mutoto hajue mama yake tena —akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza—. Anamusalimia kama mugeni.

Mwenzetu Marie-Louise akajaribu:

—Mademoiselle, ile ni heshima tu.

—Mutoto wa miaka tano, miezi kumi na moja bila mama? Hawezi kukaa vile, kama hakuna mutu alimwambia. —Akatutazama mmoja mmoja.— Kuna mutu alimwambia?

Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikaliona darasa likiondoka, na cheti, na maisha yote niliyojipangia, nikainamia daftari nikaandika tarehe. Tarehe nilikuwa nimeshaiandika.

Jumatatu gari la Usumbura lilikuja. Nilimfunga Nsimire viatu, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

—Maman Clémence, nilipiga mikono muzuri?

—Muzuri sana.

—Basi juu ya nini maman hakunichukua?

Nikamwambia gari linangoja.

Cheti nilikipata, na baada yake vingine vikubwa zaidi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya kwangu sasa yana vitukuu. Baada ya uhuru nilikwenda Usumbura mara tatu. Yule karani alikuwa amehamishwa, na aliyehamia nyumba yake hakujua alikokwenda. Hadi leo, mwanamke wa umri wake akiingia darasani kwangu, natafuta uso wa mtoto ndani ya uso wake. Nammiss, kama vijana wanavyosema. Kiswahili cha zamani hakina neno jepesi hivyo. Sisi tulisema moyo unamlilia mtu, na wangu unamlilia.

Lakini mama yake Nsimire alikuja kabla ya haya yote, mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule. Alikuwa amepata kazi ya kufua na chumba huko Bagira, akadhani chumba kitabadilisha kitu. Nilipomweleza kwamba haiwezekani tena, hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

—Monitrice, mutoto yangu alinisahau?

Nilikuwa nimesoma mwaka mzima jinsi ya kumwambia mtu ukweli.

—Batoto banasahau, maman —nikasema—. Ni miaka yao.

Akajifunga kitenge chake upya.

—Basi ni muzuri. Kama alisahau, halie. —Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.— Na ile heshima yote, mimi sikupata wakati ya kumufundisha. Ni wewe, ee? Aksanti sana, maman. Aksanti.