Ruta ya Nyakanga

Hamida, au Mama Wema kwa waliomzoea, nyakanga wa kijiji cha Mnyambe, alikuwa ameshafukuza wanaume wote uani kwake, hata jogoo alimtimua. Wiki ya unyago hiyo, bwana! Wanawali sita walikuwa ndani wakisubiri kuchezwa, na mambo ya humo mwanamume hapaswi kuyaona wala kuyasikia. Yakivuja, Hamida si nyakanga tena.

Wanawake walikuwa wameshashika ngoma simu yake ilipolia. Alikuwa Awadhi, fundi wa mitandao kule Masasi, mtani wake wa Kiyao, ndiye aliyemfungia ruta ya intaneti na kamera ya kulindia korosho alizoanika.

"Shikamoo, Mama Wema. Msianze! Nilikuwa nakagua ruta yako kutoka huku, nikakuona unakimbizana na jogoo."

"Marahaba. Unanionaje na wewe uko Masasi?"

"Kamera imeiomba ruta iifungulie mlango wa kutokea nje mtandaoni, na ruta ikafungua bila kukuuliza. Nami nilisahau kuizuia. Yeyote atakayeujua mlango huo anaona na kusikia. Nakuja niufunge, maana kutoka huku naweza kuangalia tu."

"Uje wapi? Thubutu!" Kuizima kamera nako hakutaka, maana wezi wa korosho hawana likizo. "Nielekeze, nitafunga mwenyewe."

Akaelekezwa kwenye simu: ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta pale inaporuhusiwa kufungua milango yenyewe, zima, kisha izime ruta na uiwashe upya. Jasho lilimtoka utadhani anatwanga.

"Tayari," akasema Awadhi. "Huku sioni kitu."

Kumwamini mtani? Aka! Hamida akaweka simu chini bila kuikata, akajifunga kanga kiunoni, akasimama mbele ya kamera. Akamwigiza Awadhi, kwa vitendo bila sauti, siku alipokimbizwa na nyuki kwenye harusi yake mwenyewe: kofia huku, kiatu kule, bwana harusi kajificha nyuma ya mama mkwe. Wanawake wakaziba midomo, machozi ya kicheko yakiwatiririka.

Akaokota simu.

"Awadhi, umeona nini?"

"Si nimekwambia giza tupu? Mbona mmenyamaza muda wote huo?"

Mtani aliyeona vile asingenyamaza hata kwa kuzibwa mdomo. Hamida akashusha pumzi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hakuna kitu, baba. Asante sana."

Akakata simu, akawapungia mkono wapigaji, na ngoma zikaanza kulia.