Mfuniko wa Sufuria Kileleni

Jana mchana, baada ya kula mtori wa ndizi na nyama na kujinyoosha kwenye kochi, niliota nimesimama getini pa Mlima Kilimanjaro nikisubiri kupimiwa mzigo. Hapo hapakuwa na la ajabu. Nimekuwa mpishi wa mlimani miaka kumi na minane, na kila safari mizigo yetu ilipimwa pale getini, kilo ishirini kwa mtu, isizidi hata kijiko.

La ajabu ni kwamba mizani ilikuwa na mdomo, na mzigo wangu ulikuwa wanangu wawili.

Niseme kwanza ya macho kabla sijarudi kwenye ya usingizini. Mwanangu Nderingo anaishi Ujerumani, na mdogo wake Aikande yuko Uswisi. Wameamua kunipeleka likizo ya theluji. Nderingo anataka niende Valdora, kituo chenye bwawa la maji moto na dirisha kubwa la kuwatazamia watu wanaoteleza. Aikande anang'ang'ania Krumberg, ambako wazee na watoto wa chekechea huteleza kwenye kimteremko kifupi huku wameshika kamba. Wamegombana kwenye simu wiki tatu nzima, na jibu nilitakiwa kulitoa jana hiyo hiyo, kabla ya saa kumi na moja jioni. Nikisema Valdora, Aikande atanuna hadi Pasaka. Nikisema Krumberg, Nderingo atasema siku zote nampendelea mdogo wake. Mimi mwenyewe nataka nini, hakuna aliyeuliza.

Basi mizani inawapima wanangu. Nderingo kilo ishirini, Aikande kilo ishirini. Wamekunjwa vizuri kama mahema, wanaongea wote kwa pamoja.

"Mama, sheria unaijua," mizani ikaniambia. "Utabeba mmoja."

Nikawatua wote wawili chini. Nikaiambia nimewabeba vya kutosha, mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na sasa wana miguu yao. Mizani ikasema haiwezi kuniruhusu nipande mikono mitupu, lazima nibebe kitu changu. Nikavua viatu, nikapanda juu yake, nikaiambia ipime ninachokitaka mimi.

Mshale ukazunguka mara tatu, ukang'oka.

"Hiki hakijawahi kupimwa," mizani ikasema, ikanigongea muhuri mkononi.

Nilipogeuka, geti halipo. Nipo kwenye theluji, nimevaa kanga na koti la mvua, na vile vituo viwili vimekuja vyenyewe kunichukua. Valdora ni jengo la ghorofa nne lililovaa ndala, linatoa mvuke masikioni. Krumberg inaburuta kamba yake kama mbuzi aliyekata kamba. Vyote vinaniita mama, vyote vinanionea huruma ambayo sikuiomba.

Valdora ikanieleza kwa upole kwamba kwake wazee hukaa. Kuna kiti, kuna blanketi, kuna dirisha. Na kweli, aliyekaa pale alikuwa hainuki tena. Niliwaona kwa macho yangu, bibi na babu safu nzima, wameota miguu ya mbao na migongo ya sponji. Krumberg nayo ikasema kwake ni kushika kamba tu, wala huachi. Nikawaona wa kwake pia, wameshika kamba wakiwa na chupa za chai, wengine tangu mwaka juzi.

Nikaviuliza vilele vyao vina urefu gani. Vikatazamana. Valdora ikasema swali hilo halimo kwenye karatasi ya maswali niliyoandikiwa.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na sioni haya kuisema. Nimefika kambi ya mwisho ya Kilimanjaro zaidi ya mara mia moja na sitini. Kileleni sijafika hata mara moja. Wageni wakipanda, mpishi hubaki kambini, kwa sababu wakishuka lazima wakute supu ya moto. Nimewapikia watu waliofika. Nimewapigia makofi watu waliofika. Sikuja hadi kwenye ndoto yangu mwenyewe ili nikabidhiwe dirisha.

Nikatembea katikati yao, nikapanda.

Kileleni kuna meza, na nyuma ya meza amekaa kunguru, mmoja wa wale wenye shingo nyeupe wanaotuibia mikate kambini. Ana miwani na daftari. Daftari lina safu nne: mgeni, kiongozi, mpagazi, mpishi.

"Mama Nderingo," akasema bila kuinua kichwa. "Safu ya mpishi, jina lako nimeshaliandika."

"Futa."

"Kalamu yangu haifuti."

"Basi andika upya, safu ya mgeni. Na usiandike Mama Nderingo. Andika Ndeanasia Kimaro."

Akaniuliza sasa supu atapika nani. Nikamwambia atakayesikia njaa. Akaandika.

Chini yangu mteremko mzima ni mweupe, na sina mbao za kutelezea. Lakini mfuniko wa sufuria yangu kubwa ninao kwapani. Sijui ulifikaje, mpishi haulizi. Nikaugeuza, masizi chini, nikakaa ndani yake, nikakusanya kanga.

Kunguru akanisomea sheria: aliye mbele ndiye mwenye haki. Nikamuuliza haki ya nini. Akapekua daftari, akasema haikuandikwa, kwa hiyo ni yote.

Nikajiachia.

Ninateleza. Miamba inasogea kunipisha. Valdora inashika ndala mkononi na kukimbia. Nyuma yangu nawasikia wanangu, wamekunjuka, wanashuka kwa makalio wakiniita, "Mama, pole pole! Mama, pole pole!" Pole pole nimeiimbia wageni miaka kumi na minane. Sikupunguza mwendo. Nilicheka mpaka nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Simu ilikuwa na ujumbe kumi na mmoja, wote unauliza kama nimeshachagua. Nikaenda kwanza jikoni kuteleka maji ya chai. Nikavuta mfuniko wa sufuria kubwa, ule ambao mgongo wake una masizi ya kuni yaliyoshinda mchanga, majivu na kila sabuni ya dukani.

Mgongo wake ulikuwa unang'aa. Masizi yote yamekwanguka, yameacha mistari myembamba iliyonyooka, yote inaelekea upande mmoja. Na ulikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole.

Nikakausha mikono, nikawarekodia wanangu ujumbe mmoja, wausikilize pamoja.

"Pimeni vilele vya hivyo vituo vyenu. Chenye kilele kirefu zaidi ndiko ninakokwenda, na nitaanzia juu. Mfuniko nakuja nao."