Pete Nyeupe ya Paskazia

"Usiinamie moto, mama, macho yatauma," Nurdin alisema, akaisogeza pete katikati ya kipande cha mkaa kwa ncha ya koleo.

Paskazia akarudi nyuma, akaketi kwenye benchi la wateja. Kazi aliyoleta ilikuwa ndogo: pete moja nyeupe, iyeyushwe, itoke hereni za binti yake Teodora, anayepokea komunyo ya kwanza Jumapili ijayo. Hereni za fedha, ndogo, zisizoning'inia, maana masista hawapendi mbwembwe.

"Masonara wako kila kona siku hizi," alisema. "Lakini nikasema hapana, narudi kwa mzee Nurdin. Wewe ndiye uliyeniambia ukweli wakati kila mtu ananificha."

Nurdin alitabasamu, ingawa hakumkumbuka hata kidogo. Watu wengi walimwambia maneno ya aina hiyo. Miaka arobaini na moja ameketi kwenye kiduka hicho hicho alichoachiwa na baba yake, mtaa wa nyuma ya soko, na sifa anazipenda, tusimfichie. Mjini Mwanza watu wakibishana juu ya mkufu, mwisho wao huambiana, twendeni kwa Nurdin. Akisema ni dhahabu, ni dhahabu. Akisema ni shaba, mwenye nayo hana haja ya kuhangaika kwingine, arudi nyumbani akalie.

Akafungua gesi, akauelekeza moto kwenye pete.

Fedha ina tabia zake motoni, naye anazijua kama mama anavyojua kikohozi cha kila mwanawe. Itapauka, itaanza kung'aa, halafu italegea na kujikusanya kuwa tone. Pete hii haikulegea. Ngozi yake ilifubaa ikawa ya kijivu, kisha ule ukijivu ukaanza kuchujuka wenyewe, na upande mmoja, chini ya weupe, pakatokea unjano.

Nurdin akafunga gesi.

"Mama, toka nje. Usivute hewa ya humu."

Alisukuma dirisha, akawasha feni, akamfuata. Wakasimama barazani, Paskazia ameshika mtandio wake puani bila kujua anajikinga na nini.

"Kuna nini, mzee?"

"Zebaki. Ile ya maji maji inayong'aa, wachimbaji wanakamatia dhahabu. Ikigusa dhahabu inaing'ang'ania, inaipaka weupe mpaka huitambui. Ukiitia motoni inatoka na moshi, na moshi wake ni sumu." Alimgeukia. "Wewe unafanya kazi gani?"

Lilikuwa swali dogo tu.

"Mimi? Nafanya usafi kwenye zahanati moja kule Pasiansi. Mwaka wa saba huu."

"Hakijawahi kuvunjika kitu huko? Kipimajoto? Mashine ya presha?"

Paskazia alifikiri, kisha akacheka kidogo. "Ile ya zamani ya kusimama mezani ilishawahi kuanguka. Vile vitone vikakimbia chini ya vitanda, ufagio ukavishindwa. Nilivizoa kwa mkono, kimoja kimoja. Vizuri kweli kuviangalia. Ilikuwa lini vile, ilikuwa Ramadhani, maana dada wa dawa alikuwa amefunga." Kicheko kikamkauka. "Ndiyo wiki pete ilipoanza kubadilika. Mimi nikajua rangi ya dhahabu waliyoipaka inabanduka. Miaka yote nimeiita bati, juzi tu nikasema huenda chini ni fedha hafifu, imfae mtoto."

Hapo ndipo Nurdin alipokumbuka.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, siku mbili kabla ya Idi. Duka limejaa mpaka barazani, wanawake wanataka bangili zao zing'arishwe, huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Katikati ya vurugu hizo mkono mmoja ukapenya, na kwenye kidole pete nyeupe yenye mabaka. Mwenye mkono akauliza kama pete hiyo ni dhahabu. Mume wangu anasema aliinunua hapa kwako, mzee, aliuza dume la ng'ombe aliloachiwa na marehemu baba yake, miaka mitano iliyopita.

Jiwe la kupimia lilikuwa mezani, umbali wa kiganja. Kazi yake ni kusugua pete juu ya jiwe jeusi mpaka iache mstari, kisha kudondoshea tindikali. Mstari wa dhahabu hubaki, wa uongo hufutika. Nurdin alimfundisha kila aliyewahi kufanya kazi chini yake kwamba jicho ni la kutazamia, jiwe ndilo la kusemea. Siku ile hakuligusa. Alitupa jicho tu, na sauti yake ikasikika mpaka nje.

"Hii ni bati lililopakwa rangi, mama. Mimi sijawahi kuuza takataka hii tangu nizaliwe. Kamuulize mumeo hela ya dume aliila na nani."

Watu wakaangua kicheko. Hata yeye alicheka. Bi Bushra, mteja wake wa miaka mingi, alimpigia makofi.

Wiki moja baada ya Idi akaja mwanamume, akasimama mbele ya meza. Nurdin alikuwa anachomelea mkufu, na wakati wa kuchomelea hainui uso kwa mtu yeyote. Sauti ilisema, shikamoo mzee, mimi naitwa Chenge. Nilinunua pete hapa mwaka ule wa mvua nyingi, ukaipima mbele yangu, naomba unikumbuke, nyumba yangu inavunjika. Nurdin alijibu bila kuacha kazi: nenda kwa aliyekuuzia. Sauti ikasema, aliyeniuzia ni wewe. Ndipo Nurdin alipomwita mlinzi.

Hayo yote yalimjia pale barazani, yametimia, hata harufu ya dawa ya kuchomelea.

"Subiri hapa kwanza, hewa isafike," alimwambia Paskazia, akaingia peke yake.

Pete ilikuwa imepoa. Aliishika kwa kibano, akaisugua kwa brashi ya waya chini ya bomba. Unjano ukafunguka pande zote, mkavu, wenye vishimo vidogo vidogo, kwa sababu zebaki ikiondoka haiachi kitu kama ilivyokikuta. Akaigeuza atazame ndani. Hakutaka kutazama, lakini akatazama.

Palikuwa na nyota ndogo, pembe tano, moja imekatika ncha.

Chuma cha kupigia nyota hiyo kilikuwa cha baba yake. Kilianguka kwenye sakafu ya saruji zamani, kikavunjika ncha, na baba akakataa kutengeneza kingine. Duniani hakuna sonara mwingine mwenye nyota mbovu kama hiyo. Nurdin aliketi. Alikuwa ameitengeneza yeye. Aliipasha, akaikunja, akaifunga, akaipiga alama, akapokea fedha ya dume la watu, na alipoletewa tena hakuijua kazi ya mikono yake mwenyewe.

Nisimpunguzie: shetani alimkalia. Kwenye saraka palikuwa na waya wa fedha safi wa kutosha hereni kumi. Angeweza kutengeneza mbili, akampa, na pete ikaingia kwenye kikombe cha kuyeyushia na vipande vingine, basi, imekwisha. Kuna faida gani kumfukulia mtu kaburi? Alijiambia ni huruma. Alikwisha kuuvuta waya, amekwisha kuupima kwa ukucha, ndipo akaliona jiwe pale lilipokuwa siku zote, umbali wa kiganja, akaona haya mbele ya kitu kisicho na macho.

Akaisugua pete juu yake. Akadondosha tindikali. Mstari ukabaki.

"Mama," aliita. "Ingia."

Alimwambia yote, na jina la Chenge alilitaja. Akamwonyesha nyota, kisha chuma chenyewe chenye ncha iliyovunjika, kisha mstari wa njano juu ya jiwe. Hakujitetea. Alisema, "Nilikosea, mwanangu. Mumeo alisema kweli, na mimi ndiye niliyekudanganya."

Paskazia hakulia. Aliligusa jiwe kwa kidole.

"Hiki kipimo," aliuliza, "kinachukua muda gani?"

Nurdin alitamani kusema uongo. "Dakika moja. Haifiki."

"Dakika moja."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa anatembeza dagaa, akipiga kelele za bei, akapita.

"Nilimtolea nguo zake nje," Paskazia alisema. "Majirani wanaona. Nikamwambia mwanamume anayeweza kuvisha mke bati kanisani, mbele ya padri, anaweza lolote. Alikuwa ananiambia, Paskazia, twende wote kwa mzee, twende mimi na wewe. Nikamwambia mzee ameshasema. Ana mke mwingine sasa, huko Kigongo anakokaanga samaki kwenye kivuko. Wana mtoto anatembea."

"Nitamwendea. Nitamwambia mwenyewe."

"Ukamwambie nini ambacho hakijui?"

Paskazia aliichukua pete, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Huwezi kuirudisha ilivyokuwa? Nyeupe?"

Nurdin alidhani hakusikia vizuri, akamtazama. Mwanamke hakuwa anatania.

"Siwezi, mwanangu."

"Nilikuwa nimeizoea," Paskazia alisema. Akaipangusa pete kwa upindo wa kanga. "Nitengenezee basi hereni za mtoto. Za fedha. Hana kosa, yule."

Nurdin alizitengeneza palepale, Paskazia ameketi benchini. Hajawahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile hata kwa maharusi wa matajiri. Kwenye kuchomelea alirudia mara mbili. Alipomaliza alizifunga kwenye pamba, akakataa malipo, na kwa mazoea ya miaka arobaini na moja mdomo ukaanza wenyewe:

"Asioge nazo. Asilale nazo kichwani kwenye jasho. Zikifubaa msizisugue kwa mchanga wala dawa ya meno, tumieni kitambaa laini tu, na mzihifadhi mbali na..." Hotuba hiyo humpa kila mteja, neno kwa neno. Zebaki hakuwahi kuiweka ndani yake, kwa sababu aliona ni mambo ya watu wa mashimoni, yanamhusu nini mtu wa mjini.

Paskazia aliifunga pete kwenye ncha ya kanga, akaikaza kwa meno. Mlangoni akasimama.

"Siku ile ulisema mbele za watu, mzee," alisema. "Leo tuko wawili tu."

Akashuka ngazi, akaenda zake upande wa Pasiansi.

Kesho yake duka la Nurdin halikufunguliwa. Mkewe, Nasma, alimwona anaviringisha jiwe la kupimia kwenye kitambaa, akamuuliza anakwenda kumpimia nani siku ya kazi. Akajibu anakwenda Kigongo kusema jambo mbele za watu. Nasma alimtazama usoni, akamtilia chai. Nurdin alikwenda stendi ya Nyegezi, akapanda gari, akashuka Kigongo jua limeshapanda. Mstari wa njano alikuwa hajaufuta. Kila jioni hulifuta jiwe kwa mafuta na unga wa mkaa, jana yake ameliacha.

Tangu daraja lifunguliwe, pale palipokuwa panaegesha kivuko hapana tena foleni. Magari yanapita juu, hayasimami. Chini, kando ya maji, vilibaki vibanda vinne vya samaki wa kukaanga, na wauzaji wanne wanaume, kila mmoja nyuma ya karai lake, wamezoea kusubiri. Walipoona mtu anateremka waliinua vichwa wote kwa pamoja.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Shikamoo, mzee. Sato wa moto huyu."

"Marahaba," Nurdin alijibu. Alikuja amejipanga maneno yote. Aliyarudia njia nzima mpaka jirani yake wa kiti akamwangalia. Sasa alisimama mchangani, jiwe limemlemea mfukoni, akatazama uso wa kwanza, akatazama wa pili, wa tatu, wa nne. Umri ni ule ule. Yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye. Siku ile hakuinua macho kutoka kwenye mkufu, na mwaka ule wa mvua, siku ya kuuza, alitazama dhahabu. Angeweza kuliita jina, lakini safari hii alitaka kwanza kuutazama uso.

Wote wanne walikuwa wanamngojea aseme anataka nini. Nurdin akavua kofia, akaanza tena kuwatazama kutoka kwa yule wa kwanza, polepole.