Mlango wa Mama Naomie

Serge aligonga kigingi cha mwisho alasiri, akavuta kamba mpaka ikakaza, akafuta mikono kwenye suruali na kumwambia Sidonie aingie. Serge alikuwa arshitekte, mchoraji wa nyumba mwenye cheti, na alikuwa ametoka Kasongo mpaka Wamaza kwa pikipiki, kwenye matope, plani, mchoro wa nyumba, ikiwa ndani ya bomba la plastiki mgongoni. Sidonie, ambaye watu wote walimwita Mama Naomie kwa jina la binti yake mkubwa, alivua kandambili. Akapita mahali palipoachwa mlango, kichanga wake Dieudonnée akiwa kifuani.

Kwao nyumba hutajwa kabla haijajengwa. Mwenyewe husimama katikati ya kamba na kusema kwa sauti nani atalala wapi, ardhi isikie.

"Hapa ni mimi na mutoto," akasema Sidonie. "Hapa Naomie, sababu anakomaa, anaanza kuona haya. Hapa jiko, na dirisha, moshi isituue macho."

Aligeuka polepole, akatazama vyumba vyake, ambavyo bado vilikuwa majani tu ndani ya kamba. Parsele ile, kiwanja chenyewe, ilikuwa ya marehemu mume wake.

"Na kontra, Bwana Serge?" Alikuwa amesikia kanisani kwamba kazi kama hii huandikwa kwanza: nani anajengewa, anajengewa nini, na nani ana ruhusa ya kubadilisha.

"Mama Naomie! Karatasi ni ya watu wenye kugombana. Siye tuko bandugu."

Jirani yake Anastasie, mjane mzee aliyekuwa akipepeta karanga uani kwake, akasema bila kuinua kichwa, "Bandugu ndiyo wanagombana zaidi, weye."

Serge akacheka sana.

Jua lilipopungua, kuku mmoja wa Anastasie alijigonga kwenye hewa juu ya kamba, akatikisa kichwa, akazunguka. Nyumba ilikuwa imesimama. Haikuonekana, lakini mvua ilipokuja iliteleza juu ya paa na kushuka pembeni, na ndani palibaki pakavu. Sidonie akaingiza kitanda, sufuria na mkeka. Waliokuja kumsalimia walibisha hodi kwenye hewa, wakangoja kuitikiwa. Alipokuwa akioga, wapita njia waligeuza macho, kama adabu inavyotaka mbele ya ukuta wa mtu. Anastasie alilalamika tu kwamba paa linamwaga maji kwenye karanga zake.

Karanga zilipovunwa, Marcellin, mdogo wa marehemu, alikwenda Kasongo kumwona Serge. Alitaka ghala la karanga, kwenye parsele ya kaka yake. Serge hakumwambia kwamba parsele hiyo tayari ina nyumba, wala hakutuma neno Wamaza. Marcellin alikuwa ameahidi kumpa na maghala mengine ya kujenga, kule Lusangi. Siku chache baada ya Marcellin kurudi Wamaza, asubuhi, Serge akakunjua plani ileile mezani, akachukua kifutio.

Asubuhi hiyo Naomie alikuwa amembeba Dieudonnée mgongoni, amekwenda kwa Anastasie kuomba makaa ya moto. Aliporudi, alijigonga paji la uso mahali palipokuwa mlango.

"Mama, umefunga?"

"Sikufunga."

Sidonie, aliyekuwa ndani, alipapasa ukuta wote kwa viganja. Vyumba vilikuwa vimekwisha; palikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, na upande wa barabara mlango mmoja mpana usiomtambua. Alisukuma, haukusogea. Dieudonnée alimwona mama yake, akanyoosha mikono, akaanza kulia njaa.

Marcellin alifika kabla makaa hayajapoa. Alisalimia vizuri, akauliza habari za usingizi.

"Shemeji, fungua," Sidonie akasema. "Mutoto hajanyonya."

"Mlango ni wa mwenye nyumba. Simama katikati, taja nyumba kwa jina langu. Nitafungua mara moja. Mimi si mutu mubaya."

"Parsele ni ya watoto wa kaka yako."

"Basi kaa," akasema Marcellin, akaenda kutafuta magunia.

Anastasie alimkorogea mtoto uji mwepesi. Mtoto aliutema. Alimpa kijiko kingine, akautema huo pia, akiangalia kifua cha mama yake ng'ambo ya ukuta. Sidonie alikuwa amejifunga kitenge mara mbili, maana maziwa yalikuwa yakichuruzika kila mtoto alipolia. Basi Anastasie akamwachia Naomie mtoto, akapanda pikipiki ya mtu, akapita Kabambare na kufika Kasongo kiuno kikimwuma.

Serge alimpa kiti. Ukutani, ndani ya kioo, kulikuwa na sheria za maadili ya kazi yake, zimefutwa vumbi.

"Mama Naomie amefungiwa, na mutoto iko inje."

"Najua. Mama Naomie iko hapa." Serge akaonyesha plani kwa ncha ya penseli. Nukta ndogo ilikuwa ikitembea kwenye karatasi, inafika kwenye mstari, inageuka, inarudi. "Usiguse, mama, itachafuka."

"Basi chora mlango."

"Siwezi. Plani ni ya kliyenti, mwenye kutoa kazi. Kugusa plani ya kliyenti bila ruhusa yake, kwa kazi yetu ile ni kosa kubwa sana."

"Na Mama Naomie hakukuwa kliyenti yako?"

"Tulifanya kontra?"

"Weye mwenyewe ulikataa! Ulisema muko bandugu!"

"Unaona, mama? Hata weye unakubali kontra haiko."

Anastasie alimtazama. "Mama yako alikunyonyesha, weye?"

"Alininyonyesha vizuri," akasema Serge. Hakukasirika. Alimpigia Marcellin simu mbele yake, kwa utaratibu, akaomba ruhusa ya kuongeza kitu. Marcellin alikubali tundu la hewa, ili karanga zisiote ukungu. Serge akalichora kwa rula, chini ya paa.

Anastasie aliporudi Wamaza, alimkuta Sidonie amesimama juu ya kitanda, mkono umepenya tunduni mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akikamua maziwa kwenye kikombe na kuyapitisha nje. Dieudonnée hakujua kikombe. Maziwa yalimwingia puani, akapaliwa. Kisha akaacha kulia, na kuacha kwenyewe ndiko kulikowatisha.

"Naomie," akasema Sidonie, "mwite baba mudogo."

Marcellin alikuja na mashahidi, akawakalisha barabarani. Sidonie alisimama katikati ya ukumbi.

"Hapa ni magunia ya Marcellin," akasema. "Hapa mizani yake. Hapa atakaa yeye akipokea watu." Akafika mahali palipokuwa jiko. Nalo akalitaja kwa jina la Marcellin.

Mlango ulifunguka. Alitoka mbio, akamchukua mtoto, akakaa chini palepale kwenye vumbi, mgongo kwenye ukuta. Mtoto alitafuta ziwa kwa muda mrefu bila nguvu, akalipata, akavuta. Naomie alikwenda kutoa mkeka na sufuria. Kitanda Marcellin alikibakiza. Wapagazi walikuwa wamekwisha kupandisha magunia juu yake.

Kabla ya mwisho wa juma Serge alikuja kukabidhi kazi. Marcellin alitembea naye kuzunguka ghala, wakigonga hewa kwa vifundo vya vidole, nayo ikajibu vizuri kila upande. Walipofika mlangoni walimkuta Sidonie, ambaye bado hakuwa na mahali pengine pa kuegemea akinyonyesha.

"Mutoto amepona," akasema Serge. "Mungu asifiwe."

"Asifiwe," akasema Sidonie.

Alikunja miguu, nao wakapita.