Jibu Lisilotumika

Kazini walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alipewa wiki moja kuihamishia programu ya maktaba kwenye mashine mpya yenye mfumo wa Linux. Programu hiyo ya kuazimisha vitabu iliandikwa na mjomba wake kabla hajastaafu, na sasa ilibidi ijengwe upya kwa kompaila nyingine, yaani ile inayoyachukua maandishi ya fundi na kuyageuza yawe lugha ya mashine.

Kompaila ya zamani ilikuwa kama bibi: ukikosea kidogo, inatazama pembeni. Hii mpya ilikuwa mama mkwe aliyekuja kukagua jikoni, hata sufuria safi anaigeuza aone kitako. Ilitoa malalamiko arobaini na moja, ikagoma.

Chiriku alimpigia mjomba simu. Mzee akamwomba aje wakae pamoja, wayapitie mstari kwa mstari. Chiriku akajibu kwamba hana nafasi, wakubwa wanataka kazi Ijumaa.

"Haya, mwanangu," mjomba akacheka. "Ila haraka ukiipa kiti, itataka na kitanda."

Chiriku akaisafisha programu peke yake. Lalamiko la mwisho lilisema kuna maandishi yaitwayo "jibu", yapo tu, hayatumiki popote. Hakuyasoma. Akayafuta. Programu ikajengwa, ikawaka, na kama ilivyofanya kila asubuhi ikafunguka kwa kitendawili alichokiweka mjomba: Mgeni wangu huingia bila hodi, akishaondoka ndipo namkaribisha. Siku hiyohiyo mashine kuukuu ikafutwa yote, ikatolewa bure.

Jumamosi akamfuata mjomba na kompyuta yake ndogo, kifua mbele. Mzee alikuwa akiishi peke yake tangu mkewe afariki. Alipokiona kitendawili, midomo ikamcheza. Mkewe ndiye aliyemtegea, siku za uchumba wao.

"Sasa nifungulie jibu," alisema. "Liko ndani, kwenye maandishi yenyewe. Nililiweka humo nilipoona nimeanza kusahau."

Kwa mara ya kwanza Chiriku alipima neno kabla ya kulitoa. Kisha akasema, "Nimelifuta, mjomba. Kompaila ilisema halitumiki."

"Halitumiki." Mzee alilirudia polepole, kama anayeonja dawa. "Haikusema uongo. Lilikuwa linakaa tu."

Chiriku akaanza kubahatisha. Usingizi? Ujana? Afya? Kila mara mzee alitikisa kichwa: silo hilo. Lakini lipi, hakuweza kusema. Nakala nayo hakuna. Chiriku alijua, maana yeye ndiye aliyebonyeza kitufe.

"Basi nakupa mji, mjomba," alisema mwishowe. "Nakupa huu tunaokaa, na nyumba zake zote."

Anayepewa mji hutoa jibu; hiyo ndiyo sheria ya vitendawili. Mzee akaupokea mji, akashukuru. Kisha akakishusha kifuniko cha kompyuta taratibu, kama mtu anayemfunikia chakula mwenzake aliyechelewa kurudi.