Ngozi ya Wiki Tatu

Fundi alijua kuna jambo hata kabla hajaishika fimbo yake ya pool. Ilikuwa imeegemezwa ukutani mahali pake pale pale, nyuma ya meza ya pili, ila nchani palikuwa na kitu cha buluu kinachong'aa kama kifungo cha shati jipya.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi," akasema kaka yake, huku akitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Nimekufanyia sapraizi, mdogo wangu. Ile ngozi yako ilishachakaa, nyeusi tii. Leo watu wote wanakuangalia wewe. Nikasema hapana, dada yangu hawezi kuchekwa."

Asiyecheza pool atauliza: ngozi tu? Kipande kidogo kuliko ukucha? Ndiyo, ngozi tu. Mpira mweupe haugongwi na mti wa fimbo, unagongwa na hicho kipande kilichobandikwa nchani, na lolote unalotaka mpira ufanye, usimame, upinde au urudi nyuma, linapitia hapo. Katika ukumbi ule mtu aliweza kuvaa kandambili zako bila kuomba na kunywa soda yako ukigeuza shingo, lakini ngozi ya fimbo ya mwenzio hukuigusa. Hata walevi walilijua hilo.

Na ile ngozi haikuwa ya dukani. Baba yao alikuwa fundi viatu, na katika watoto wake wawili ni binti peke yake aliyekaa karibu na kigoda chake akajifunza. Ndiyo maana ukumbi mzima ulimwita Fundi. Alikuwa akichagua vipande kwa kuviangusha sakafuni kimoja kimoja na kusikiliza: kilicholia "tup" kilikuwa laini mno, kingetanuka kama uyoga baada ya siku chache; kilicholia "tak" kilikuwa kigumu mno, kingeteleza. Alitaka cha katikati. Akikipata, alikibana kwenye jiriwa siku mbili, akakibandika kwa gundi ya viatu na kukiacha kilale usiku kucha, akakata kingo kwa wembe, akakichonga kwa tupa mpaka kichwa chake kikawa na mviringo wa sarafu. Halafu alicheza nacho wiki tatu mpaka kikamjua. Weusi ule ulioitwa uchakavu ulikuwa ni chaki na jasho la wiki tatu.

"Umeitupa wapi?" akauliza.

"Nimefagia asubuhi. Lakini tulia, hii ya buluu nimepewa na yule mgeni anayeuza vifaa vya michezo. Ilikuwa kwenye kikopo chake kabisa. Na nimetumia gundi ile ya haraka, dakika moja tu imeshika."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi alikwenda kwenye ndoo ya takataka, akapekua vizibo vya chupa na vumbi la chaki kwa mikono miwili, akaipata. Wembe wa kaka yake ulikuwa umeikata vipande viwili.

Akasimama pale akiwa amevishika, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Wahenga wamesema hasira hasara. Sawa, lakini wahenga hao hawakuwa na mechi saa nane mchana.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kuwania nafasi ya mwisho katika timu inayosafiri. Saba walikuwa wameshachaguliwa, nafasi ya nane ikabaki kwa wawili: Fundi na kaka yake. Kwa miaka kumi na mmoja Fundi alikuwa amebandika ngozi za kila timu iliyotoka ukumbini pale, akawapungia mkono wakiondoka, akawapokea wakirudi na vikombe. Safari hii alikuwa ameshinda michujo yote, kwa mara ya kwanza. Kuazima fimbo nyingine hakukuwezekana: zilikuwa zimeshapimwa na kubandikwa namba, na anayebadilisha fimbo anahesabiwa amejitoa.

Alimtazama kaka yake akiipaka fimbo yake chaki, akipiga mluzi. Angekuwa amelifanya kwa hila, Fundi angeumia kidogo tu, maana mwenye hila angalau anajua thamani ya anachokiharibu. Huyu hakujua. Miaka yote hiyo alikuwa akikuta fimbo yake iko tayari, kama mtu anayekuta maji mtungini na kudhani mtungi unajijaza.

Ilibaki nusu saa. Fundi alikwangua ule mng'ao wa buluu kwa tupa, akajaribu kuupa mviringo, ukakataa; gundi ya haraka ilikuwa imenywewa mpaka juu, na ngozi imekuwa jiwe. Basi akaamua kucheza kishamba. Hakuzungusha mpira, hakuurudisha, aliugonga katikati tu, kama mtoto anayejifunza. Waliomjua walinong'onezana, wakidhani anaogopa. Hata hivyo alishinda mchezo wa kwanza, akafungwa wa pili, akashinda wa tatu, akafungwa wa nne.

Katika wa tano alibakiza mpira mweusi peke yake. Ulikuwa mdomoni mwa shimo, na mweupe uko nyuma yake, mstari mmoja. Akiugonga katikati, mweupe ungeufuata mweusi shimoni na angekuwa amefungwa. Ilibidi agonge chini ili mweupe urudi nyuma. Pigo hilo alikuwa amelipiga maelfu ya mara. Akapaka chaki mara tatu, akainama, akagonga.

Tak. Fimbo iliteleza. Mpira mweupe ukajikongoja kando, ukasimama bila kugusa kitu.

Kaka yake alimalizia mipira yake miwili, kisha akaugonga mweupe kwa upole, chini, mweusi ukaingia shimoni na ule mweupe ukarudi nyuma taratibu mpaka ukasimama mbele ya mkono wake. Watu wakapiga makofi. Fundi aliutazama ule mweupe. Ni ngozi aliyomtengenezea yeye mwenyewe iliyourudisha.

"Pole, mdogo wangu," kaka akamkumbatia. "Lakini umejitahidi. Ungekuja na ile kuukuu ungefungwa mapema."

Fundi alijinasua mikononi mwake. Alikwenda kwenye kibanda chake nyuma ya kaunta, akaketi kwenye kigoda. Haukupita muda kaka yake akaingia, jezi ya timu begani, akamnyooshea fimbo.

"Tunaondoka keshokutwa. Niangalizie hii, naona ngozi imeanza kulalia upande. Dakika tano tu."

"Hiyo ngozi nimeifanyia kazi mwezi mzima, kaka."

"Mwezi?" Akacheka. "Kingozi hiki?"

"Na iliyokuwa kabla yake, na iliyokuwa kabla ya hiyo. Hujawahi kuniuliza hata siku moja. Leo umeikata yangu kwa wembe, ukanishinda kwa hii."

Kaka aliitazama ncha ya fimbo, akaipapasa kwa kidole gumba. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Sasa umekasirikia ngozi?"

"Nimekukasirikia wewe."

"Mimi nilitaka upendeze tu."

"Najua. Ndicho kinachoniuma."

"Basi nisamehe. Lakini keshokutwa nitachezaje, na ikilala zaidi? Nani atanitengenezea?"

Fundi alisimama, akafungua jiriwa. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya ngozi vilivyobanwa tangu juzi, kila kimoja na alama ya kalamu: kimoja chake, kingine cha kaka yake, alichokuwa akimwandalia kwa ajili ya msimu ujao. Akavitoa vyote viwili mbele ya macho ya kaka yake, akavitia mfukoni, akatoka nje kupitia mlango wa nyuma.